Injini Kubwa, Fremu ya Kale, na Msumeno Usiotakiwa

Kila ninapomweleza mtu kwamba pikipiki iliyomo katika karakana yangu ndogo hapa Uingereza ina fremu ya Norton na injini ya Triumph, viwanda viwili tofauti vya Kiingereza, najikuta nimeingia katika mabishano nisiyoyaomba. Mzee anayetaka kila chombo kibaki kama kilivyotoka kiwandani hunitazama kana kwamba nimemvika marehemu kanzu ya mtu mwingine. Kijana, kwa upande wake, hutaka kujua tu kwa nini niliishia cc 650, ilhali vifaa vya kuipanua injini hiyohiyo hadi cc 750 vinauzwa waziwazi na wapo waliothubutu kuingiza ndani ya fremu kama yangu injini ya Vincent, kiwanda kingine cha Kiingereza, yenye cc 998. Msimamo wangu unawaudhi wote wawili: naona ni halali kabisa kuiwekea fremu ya kale ya Kiingereza injini kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo, ila fremu isikatwe, na injini ikikataa kuingia bila msumeno basi hiyo si injini ya fremu ile.

Fremu ninayoizungumzia ni ile iitwayo Featherbed. Ilibuniwa na Rex McCandless, fundi wa Belfast, na Norton wakaitumia katika mbio za Kisiwa cha Man mwaka 1950, ambako walishika nafasi 3 za kwanza katika mbio za Junior, za injini za cc 350, na vilevile katika zile za Senior, za cc 500. Jina lake lilitokana na dereva Harold Daniell, aliyesema kwamba kuiendesha ni kama kulala juu ya godoro la manyoya. Umbo lake ni rahisi kulieleza: mabomba mawili ya chuma yanayozunguka kila moja upande wake, yakishuka mbele ya injini, yakipita chini yake, yakapanda nyuma na kurudi mbele kwa juu hadi shingo ya usukani, ambako yanapishana na kuchomelewa. Injini haibebi chochote. Inakaa ndani ya kitanda hicho kama mzigo ndani ya susu, na fremu inabaki imara hata ukiitoa injini yote nje. Hapo ndipo ilipo siri ya mambo yote yaliyofuata, kwa sababu fremu isiyoitegemea injini yake ya kwanza haina sababu ya kuikataa ya pili.

Ndoa ya Norton na Triumph, ambayo Waingereza waliipa jina la Triton, haikuanza kwa ufundi peke yake. Ilianza pia kwa mabaki. Katika miaka ya 1950 waunda magari madogo ya mbio ya cc 500 waliitamani injini ya Norton Manx, pikipiki ya mbio, na kwa kuwa Norton hawakutaka kuiuza injini peke yake, watu walinunua pikipiki nzima, wakaing'oa injini na kuacha fremu, magurudumu na breki vimekaa bila kazi. Injini za Triumph, kwa upande mwingine, zilikuwa tele, zilikuwa nyepesi, na yeyote mwenye spana na subira aliweza kuzifungua na kuzifunga. Vijana wa London waliokuwa wakikusanyika kwenye mkahawa wa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, waliunganisha hicho na kile kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Kisha fundi na dereva Dave Degens akaupeleka mchanganyiko huo Barcelona na kushinda mbio za saa 24 za Montjuïc mwaka 1965. Kwa hiyo mzee wangu anaponiambia kwamba nimeharibu historia, namkumbusha kwamba uunganishaji huu nao ni historia, tena yenye umri mkubwa kuliko wangu.

Swali la ukubwa ni gumu zaidi, na hapo namwacha mzee nimgeukie kijana.

Injini ya silinda mbili ya Kiingereza, tangu Edward Turner alipoitoa Triumph Speed Twin mwaka 1937, ina tabia moja ambayo hakuna ufundi wa karakana unaoweza kuifuta: pistoni zake mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Zinapokezana katika kuwaka, ndiyo maana mlio wake ni laini na wenye mpangilio, lakini kwa upande wa uzito unaokwenda juu na chini ni kama una pistoni moja kubwa. Kwenye krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, huwekwa uzito wa kusawazisha, lakini uzito huo hauwezi kufuta msukosuko wote. Ukiuweka mdogo, injini itaruka juu na chini. Ukiuongeza, msukosuko wa juu na chini utapungua, na badala yake injini itasukuma mbele na nyuma. Anachokifanya fundi ni kuchagua upande ambao msukosuko utaelekea, na uchaguzi huo hutegemea fremu, kwa kuwa kila fremu ina upande inaouvumilia na upande inaoupigia kelele. Ndiyo sababu injini ya Triumph iliyotulia vizuri katika fremu yake yenyewe inaweza kuyafanya meno ya dereva yagongane ikihamishiwa kwenye Norton, mpaka krenki ipelekwe kwa mtaalamu ikasawazishwe upya. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kwa macho na haipigiki picha.

Ukubwa unaongeza tatizo hili kwa njia mbili. Pistoni yenye kipenyo kikubwa ni nzito zaidi, na pistoni yenye safari ndefu hulazimika kukimbia kasi zaidi ndani ya mzunguko uleule mmoja. Juu ya hayo, nguvu ya mtetemo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko: ukitoka mizunguko 5,000 kwa dakika ukafika 6,000, umeongeza kasi kwa asilimia 20 tu, lakini mtetemo umeongezeka kwa asilimia 44. Dereva huupata uhasibu huo kwenye vidole vilivyokufa ganzi, kwenye nyuzi za taa zinazokatika, kwenye nati zinazolegea, na kwenye vishikizo vya madigadi vinavyopasuka mahali palepale kila baada ya safari ndefu.

Kijana hahitaji kuniamini mimi, kwa maana Norton wenyewe walilifanya jaribio hili mbele ya macho ya dunia nzima. Injini yao ya silinda mbili, iliyobuniwa na Bert Hopwood, iliingia sokoni mwaka 1949 ikiwa na cc 497, yaani kipenyo cha milimita 66 na safari ya milimita 72.6. Ndani ya Featherbed ikakua hadi cc 596 katika Dominator 99, kisha 646 katika 650SS, ambayo safari ya pistoni yake ilikuwa imefika milimita 89. Mwaka 1962 kipenyo kikatanuliwa kutoka milimita 68 hadi 73, ikapatikana Atlas ya cc 745. Fremu ilikuwa ileile, na iliendelea kushikilia barabara vizuri. Waliolalamika walikuwa waendeshaji. Atlas ilitetemeka kiasi kwamba kiwanda hakikuendelea kutafuta dawa ndani ya Featherbed. Mwaka 1967 kilileta Commando, pikipiki yenye fremu nyingine kabisa, ambamo injini, giaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma vilifungwa pamoja kama kundi moja na kuning'inizwa juu ya mipira, ili kundi zima litetemeke litakavyo bila kumfikia dereva. Ilikuwa akili kubwa, na baadaye injini hiyo ikafika cc 828 bila kuwafukuza wanunuzi. Mimi hata hivyo naisoma habari hiyo kama ushahidi wa mahakamani: wenye fremu walipofika cc 745 waliiacha. Kijana anayetaka kunizidi hapo, pamoja na bolti zake nne na mabamba ya aluminiamu, inabidi anieleze anajua nini ambacho wao hawakukijua.

Sasa nije kwenye msumeno. Fremu yangu, ya aina ile pana ya kabla ya 1960, niliinunua kwa bei iliyonifurahisha, na furaha hiyo iliisha nilipoisugua rangi. Mtu fulani aliyeimiliki kabla yangu alikuwa amekata vishikizo vya chini vya injini kwa moto wa gesi, akasaga bomba moja hadi likawa jembamba kama ganda, kisha akajaza kovu lote kwa uji wa kubandikia na kupaka rangi nyeusi inayong'aa. Nadhani alitaka nafasi ya milimita chache. Sikuweza kumlaumu mbele yake kwa kuwa sikumjua, lakini kuitengeneza fremu ile kwa fundi anayejua kuchomelea mabomba membamba bila kuyapinda kulinigharimu zaidi ya nilichokuwa nimelipa kuinunua, na fedha hizo nilikuwa nimeshaziweka kando kwa kazi ya krenki. Tangu siku hiyo sitaki kusikia maneno ya “nilipunguza kidogo tu.”

Na wala hapakuwa na haja. Injini ya Triumph ya miaka ya 1950, ambayo giaboksi yake ni chombo kinachojitegemea, huingia katika Featherbed kwa mabamba yaliyokatwa kwa vipimo, mbele na nyuma, pamoja na kishikizo kimoja cha juu kinachofunga kichwa cha silinda kwenye fremu. Giaboksi inaweza kubaki ya Norton. Kazi yenyewe imo katika mistari: mnyororo wa kwanza, utokao kwenye krenki kwenda kwenye klachi, lazima unyooke, na mnyororo wa pili, utokao kwenye giaboksi kwenda gurudumu la nyuma, nao lazima unyooke, wakati krenki ni ya nyumba moja na giaboksi ni ya nyumba nyingine. Unapomaliza kunyoosha wa kwanza unakuta umepinda wa pili. Nilitumia wiki tatu za jioni nikiwa na rula ya chuma, vipande vya kadibodi na washa za unene mbalimbali kabla sijampelekea mkerezaji kipande hata kimoja cha chuma. Kadibodi ni bei rahisi, na ikikosewa inatupwa jalalani bila majuto.

Kuna pia vitu ambavyo havisemwi kwenye mabishano kwa sababu havina fahari. Giaboksi ni mojawapo. Ile ya Norton ilirithiwa na Commando karibu kama ilivyokuwa, na injini zilipokua, beringi ya shafti yake ya chini ikajulikana kwa kuvunjika, mpaka wamiliki wakawa na desturi ya kubadilisha ile ya gololi na kuweka ya rola hata kabla haijaanza kulia. Breki ni jambo jingine, na kwangu ni zito zaidi. Pikipiki inayokwenda kilomita 160 kwa saa hubeba nishati ya mwendo iliyozidi kwa nusu ile ya pikipiki hiyohiyo ikiwa kwenye kilomita 130, na nishati hiyo yote lazima igeuzwe joto ndani ya dramu moja ya mbele iliyobuniwa wakati barabara zilikuwa na magari machache. Anayenunua kabureta mbili kabla hajakagua viatu vya breki yake ya mbele namwona kama mtu anayepandisha tanga kubwa kwenye chombo chenye usukani uliooza.

Kuhusu Vincent nitasema machache. Ni injini tukufu, na ndiyo maana sitaki kuiona humo. Philip Vincent na Phil Irving waliibuni ile ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili yenyewe iwe uti wa mgongo wa pikipiki. Shingo ya mbele na mkono wa nyuma hushikamana kupitia injini, bila fremu ya kuizunguka. Ukiitia ndani ya Featherbed unakuwa umefunga fremu ndani ya fremu. Tena giaboksi yake ni sehemu ya kasha lilelile la injini, nalo ni refu, kwa hiyo baadhi ya waliojenga mchanganyiko huo walilikata kasha la injini lenyewe ili waweke giaboksi ya Norton nyuma yake. Viwanda vya Vincent vya mji wa Stevenage viliacha kutengeneza pikipiki hizo mwaka 1955, na kila kasha lililokatwa ni moja lililopungua duniani. Sharti langu la kutokukata halikuhusu mabomba ya fremu tu.

Upande wa sheria ni mfupi: hapa Uingereza injini ikibadilishwa, DVLA, mamlaka ya usajili wa vyombo vya moto, lazima ijulishwe ili kadi ya usajili isomeke sawa, na kampuni ya bima nayo ijulishwe. Wapo wanaonyamaza ili wasiongezewe malipo. Siku ya ajali ndipo wanapogundua kwamba walikuwa wakilipia bima ya pikipiki isiyokuwepo.

Yangu ilipowaka mara ya kwanza ilivuja mafuta sehemu mbili, nilizozitarajia. Baada ya krenki kusawazishwa kwa ajili ya fremu hii, na sproketi ya mbele kuongezwa jino moja ili injini isilazimike kuzunguka haraka, inakwenda kilomita 100 kwa saa bila kunifisha vidole ganzi, na ikifika karibu na 120 kioo cha pembeni huanza kunionyesha magari mawili pale penye moja. Seti ya silinda na pistoni za cc 750 ninayo, nilipewa na rafiki aliyeiacha hobi hii alipopata mtoto wa pili. Imo ndani ya boksi chini ya meza, bado imefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Nikipata fedha mwaka huu zitakwenda kwenye dramu ya mbele.