Laminesheni ya Dizeli

Mwaka 2019 mimi na dereva tulitumwa Kasulu kikazi, tukitokea Tabora. Masurufu yalikuwa hayajatoka. Bosi akatamka maneno ambayo kila mtumishi wa umma anayajua: "Tangulieni, mtarudishiwa." Dizeli ikanigharimu Sh 300,000 zangu. Nasema zangu, lakini ni za mchezo wa upatu. Mke wangu alikuwa amepokea zamu yake, nikambembeleza anikopeshe wiki mbili tu.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, nikazitunza kuliko cheti cha ndoa. Nilishawahi kunyimwa madai kwa sababu ya risiti iliyopauka. Zile karatasi ukikaa nazo mfukoni, jua na jasho, mwisho zinabaki nyeupe pe. Safari hii, nikasema, hawanipati! Tuliporudi, kabla hata sijafika nyumbani, nikaingia duka la steshenari. "Kijana, nifanyie laminesheni hizi, zote nne."

Akazipanga, akazitumbukiza kwenye mashine. Upande wa pili ukatoka usiku. Nyeusi tii! Kumbe karatasi ya EFD haina habari na wino, inaandikwa kwa joto, na mashine ya laminesheni ni joto tupu. Yaani ilikuwa imeandika kila mahali.

"Mzee, zimekolea," kijana akasema. Akanidai Sh 4,000. Nikalipa, akanipa risiti ya EFD, inasomeka vizuri kabisa.

Kesho yake nikazipeleka uhasibu hivyo hivyo. Mama mhasibu akaziinua kuelekea dirishani kama daktari na picha ya eksirei. "Baba, kwani mlisafiri usiku?" Ofisi ikaangua kicheko, hadi mkaguzi wa ndani, mtu ambaye meno yake sikuwahi kuyaona. Risiti, mama akanieleza, inapigwa kopi siku hiyohiyo, halafu zinabanwa pamoja. Na hizi? "Kaombe nakala ulikonunua."

Nilikonunua ni Kasulu.

Nikapanda basi kwa nauli yangu, nikashinda kituo cha mafuta nikimbembeleza meneja, nikarudi na nakala. Nikamuuliza mama mhasibu kuhusu ile nauli ya basi. "Ulikuwa na kibali cha safari?"

Hela ilitoka baada ya miezi mitano. Zile nyeusi nne mke wangu amezitundika sebuleni, jirani na picha ya harusi. Mgeni akiuliza, anamwambia ni zawadi niliyomletea kutoka Kasulu.