Tapeti Zikinyamaza Ndio Uanze Kuogopa

Mafundi wengi hapa Nairobi wanaseti tapeti (ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma) kwa sikio, na kwa maoni yangu hiyo tabia inaua nduthi nyingi kuliko matope na magunia ya viazi. Kava inafunguliwa, roka inachezeshwa na kidole, skrubu inakazwa kidogo, kiki, wanasikiliza, tiki-tiki imeisha, leta pesa. Mwenye piki anaenda akiwa na raha juu injini imetulia.

Kutulia ndio shida yenyewe. Valvu ya ekzosti, ile ya kutolea moshi, hupoa inapokaa kwenye kiti chake, ukiinyima hiyo nafasi basi injini ikipata moto haifungi vizuri, inapitisha moto pembeni na inaungua polepole, na wewe husikii chochote mpaka siku piki inagoma kuwaka ikiwa moto. Tena hata usipoigusa hiyo nafasi inajipunguza yenyewe kiti kikiendelea kulika. Kwa hivyo mtu akijisifu ati Boxer yake haijaguswa tapeti tangu inunuliwe na haina kelele, mimi namwambia afungue leo.

Nafasi yenyewe ni kidogo sana. Honda CG125, ambayo injini nyingi za Kichina tunazopanda zimeiga, inataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Sikio gani hilo la kupima 0.08? Ya piki yako angalia kwa kitabu chake.

Kuna wenye hutumia wembe wa pande mbili, ni karibu 0.1, au karatasi ya fotokopi, ambayo unaweza kujihakikishia nyumbani, rimu ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, gawanya upate 0.1. Sawa, ni afadhali kuliko sikio, lakini karatasi inafinyika na kulowa oili, na wembe, bana, vidole unavihitaji. Fila geji ya ukweli, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, Kirinyaga Road iko, nunua. Ila hata hiyo ina uongo wake kwa piki mzee: pale skrubu inapogonga valvu pakichimbika, geji inakaa juu ya kashimo kama daraja, inakusomea 0.08 kumbe nafasi ya kweli ni kubwa, kelele haiishi na hujui kwa nini.

Ndio maana mimi naipenda ile geji ya kutengeneza mwenyewe. Kata kadibodi duara, chora digrii na ile protrakta ya mtoto ya shule, ibane kwa kifunguo cha skrubu ya tapeti, halafu waya wa henga ufungwe kwa bolti ya karibu uwe mshale. Toa skrubu kwanza upime meno yake na rula. Meno kumi yakichukua milimita 5, mzunguko mmoja unasogeza milimita 0.5, kwa hivyo 0.08 ni digrii 58 hivi, na 0.1 ni 72. Yakichukua 7.5, hesabu inabadilika, 0.08 inakuwa digrii 38, usikopi ya jirani. Piki ikae usiku mzima ipoe, toa plaga, zungusha injini mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) itokee kwa kishimo chake na roka zote mbili ziwe zinacheza (moja ikiwa imekaza uko kwa mzunguko mbaya, zungusha tena raundi nzima). Kaza skrubu na vidole mpaka mchezo uishe tu, usisukume springi, weka mshale kwa sifuri, rudisha nyuma digrii zako. Kadibodi haijali kashimo, skrubu inagusa mpaka chini.

Penye watu huharibu ni nati ya kufungia hiyo skrubu. Ukiikaza skrubu inataka kuzunguka nayo, kwa hivyo shikilia kifunguo ukiangalia mshale, ukihama hata kidogo legeza uanze tena, na ukimaliza zungusha injini raundi mbili kamili ndio upime upya. Inachosha, ndio, lakini hakuna fundi wa kando ya barabara atakufanyia hivyo na wateja watatu wakimngoja.

Piki kubwa zenye hutumia shimu (kidude chembamba cha chuma unachobadilisha kupata nafasi) badala ya skrubu sahau kabisa hii kadibodi, huko hakuna cha kuzungusha, unahitaji fila geji na maikromita, kifaa cha kupima unene.