Kitanda kinacholia usiku
Hakuna kelele inayonikera kama ya kitanda kinacholia usiku. Unajigeuza ubavu tu, kwiii! Unanyoosha mguu, kwiii tena, na mwenzako ameshaamka. Halafu anaitwa fundi, anamimina mafuta kwenye maungio, anachukua hela yake na kwenda zake. Mafuta ya nini kwenye mbao? Yanaingia ndani, yananasa vumbi, na baada ya muda kelele ziko palepale.

Mara nyingi kinacholia ni kitu kilicholegea. Toa godoro, tikisa kila tendegu, sikiliza. Pale mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, unapoungana na tendegu, utakuta bolti imelegea hadi unaizungusha kwa vidole. Ikaze kwa spana, na kama haina washa, yaani kile kipete bapa cha chuma, iwekee. Chaga, zile mbao zinazobeba godoro, nazo husuguana na ubao zinapolazwa. Zisugue kwa mshumaa mkavu pale zinapogusa, au tandika kitambaa chini yake. (Skrubu ikiwa inazunguka bure, tundu limepanuka: hapo kukaza hakusaidii, tafuta nene zaidi.)

Ndiyo maana nakasirika sana nikiona mtu anashauriwa anunue kitanda kipya kwa sababu ya nati moja!