Friji la nduli: kuitazama upya filamu ya Amin ya 1981

Kwenye banda la video la mtaani kwetu Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkanda wa Amin ulikuwa umechakaa sehemu moja tu: pale kwenye friji. Mwenye deki alikuwa akiombwa arudishe nyuma kila unapochezwa, mpaka picha ikawa inaruka mistari. Nduli anafungua mlango, vichwa vya maadui zake vimo ndani, na wakubwa wa mabenchi ya nyuma wanapiga mluzi. Juzi nimeitazama tena yote kwenye simu, kwa mara ya kwanza bila mluzi wa mtu.

Ni *Amin: The Rise and Fall*, iliyoongozwa na Sharad Patel, ikapigwa Kenya na kutoka mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Kampala kuanguka. Wajuzi wa sinema wameitupa kwenye kapu la filamu za kuuza damu, na sitasema wameionea. Ilitengenezwa haraka, maiti zikiwa bado zinatafutwa na ndugu zao. Kay, mke wa Amin aliyekutwa amekatwakatwa mwaka 1974, anageuzwa kitu cha kushtua watazamaji. Uvumi umepewa uzito uleule wa tukio lililothibitishwa. Mtu aliyepoteza baba kwenye vyumba vya Nakasero, makao ya polisi wa siri wa Amin mjini Kampala, ana haki ya kuichukia.

Lakini kuna jambo sikuliona utotoni. Anayebeba dhamiri ya filamu hii ni daktari Mwafrika, Oloya, aliyechezwa na Thomas Baptiste. Yeye ndiye anayeona, anayeogopa, anayepima kama akae au akimbie. Miaka 25 baadaye hadithi hiyohiyo iliporudiwa katika *The Last King of Scotland*, kwa adabu zote, Forest Whitaker akapata Oscar yake kwa kumcheza Amin, macho tuliyopewa ya kuitazamia Uganda yalikuwa ya daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwepo. Ile ikaitwa sanaa. Hii ya kwetu, iliyomwamini Mganda kuwa shahidi wa msiba wake mwenyewe, ikabaki takataka. Nashindwa kulimeza hilo.

Halafu kuna Joseph Olita. Mkenya huyu hakumchezea Amin kama zimwi. Anacheka kwa mwili mzima, mabega mpaka tumbo, kisha macho yanatangulia kuacha kucheka wakati mdomo bado uko wazi. Sekunde hiyo moja inaeleza kwa nini mawaziri walicheka pamoja naye na kwa nini walilala nguo zikiwa mwilini. Mwongozaji Mira Nair aliliona. Mwaka 1991, alipotengeneza *Mississippi Masala* kuhusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda mwaka 1972, alimwita Olita awe Amin tena.

Na Denis Hills je? Mwalimu wa Kiingereza aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa kumwita Amin dikteta wa kijijini, akaokolewa baada ya James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwenda Kampala mwenyewe. Katika filamu hii Hills anajicheza mwenyewe. Waweza kusema huo ndio uchuuzi wenyewe, kumlipa mtu arudie kitanzi chake. Mimi naona mtu aliyetaka kisa chake kisimuliwe na sura yake.

Linalonikera, na nimelizungusha kichwani wiki nzima, ni lile friji. Wanasheria wa International Commission of Jurists walikadiria waliouawa kuwa si chini ya 80,000, pengine hadi 300,000. Friji huingia vichwa vichache. Hofu ya miaka ile ilikuwa gari linalosimama mlangoni mchana kweupe, wanaume wenye miwani ya jua, buti linafunguliwa, linafungwa, basi. Hakuna aliyekula mtu hapo. Ni kazi ya ofisi: mshahara, mafuta ya gari, orodha ya majina. Mla watu tunayeonyeshwa na friji ni kichaa mmoja, na kichaa akikimbilia uhamishoni Jeddah mambo yamekwisha. Walioandika orodha hawana kesi. Hapo filamu imewasaidia wasiostahili, na wakosoaji wake wako sahihi, ingawa wengi wao hulalamikia damu tu. Damu ingemwagika mara mbili ya ile, mradi friji lingebaki la maziwa, ningeitetea bila kusita.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kukaa nami ilipofika nusu. Oloya akapita, Hills akapita, Olita akacheka. Mwishoni akaniuliza:

"Mjomba, ni kweli alikuwa anakula watu?"

Nikamwambia hakuna aliyethibitisha, nikaanza kumweleza habari za Nakasero. Alinisikiliza kwa heshima, kidole chake kikiwa kimeshairudisha filamu kwenye friji.