Mabao 395 ya Paulino Alcántara: tuyahesabu yote?

Tarehe 16 Machi 2014 Lionel Messi aliifunga Osasuna mabao matatu, Barcelona ikashinda 7-0, na jina ambalo mashabiki wengi hawakuwahi kulisikia likaanza kupita midomoni. Messi alikuwa amefikisha mabao 371 na kumpita Paulino Alcántara, fowadi aliyetundika daruga mwaka 1927 akiwa na 369. Miaka 87 kileleni, na mwenyewe alikuwa daktari! Baadaye kumbukumbu zikapekuliwa upya, na hesabu inayotajwa sasa ni mabao 395 katika mechi 399. Yaani marehemu ameongeza mabao 26 akiwa kaburini.

Ubishi unaanzia hapo, kwa sababu zaidi ya nusu ya mabao hayo yalifungwa kwenye mechi za kirafiki.

Wanaoyakataa wana hoja isiyohitaji maelezo marefu. Kirafiki ni kirafiki. Leo timu ikienda kambini na kuichapa timu ya kijiji 12-0, hakuna anayemwandikia mshambuliaji mabao yale kwenye rekodi, basi kwa nini ya mwaka 1920 yaandikwe? Isitoshe, wapinzani wa enzi hizo walikuwa mchanganyiko: leo timu kali kutoka nje, kesho Waingereza wanaofanya kazi mjini waliojikusanya wakapata kumi na mmoja. Kumweka mtu huyo kwenye jedwali moja na Messi, wanasema, ni kupima kitenge kwa kibaba.

Nakubaliana nao kuhusu jedwali. Kuhusu mechi zenyewe nadhani wanakosea, na kosa lao ni la kalenda. Ligi Kuu ya Hispania haikuwapo hadi mwaka 1929, miaka miwili baada ya Alcántara kustaafu. Alichokuwa nacho ni ubingwa wa Katalunya, jimbo la Hispania ambalo Barcelona ndio mji wake mkuu, wenye timu chache na mechi za kuhesabika, pamoja na Kombe la Mfalme kwa waliobahatika kufika huko. Wiki nyingine zote za mwaka zilijazwa na mechi tunazoziita leo za kirafiki. Huko ndiko watu walikolipa kiingilio, ndiko timu za Uingereza na Ulaya ya Kati zilikoletwa ili wenyeji wajipime, na ndiko klabu ilikopata pesa ya kuendeshea mambo yake. Ukizifuta, hutakuwa umeisafisha rekodi ya Alcántara. Utakuwa umefuta sehemu kubwa ya soka la wakati wake.

Na hata ukizifuta, mtu mwenyewe bado anabaki. Alizaliwa Iloilo, Ufilipino, tarehe 7 Oktoba 1896, baba akiwa mwanajeshi wa Kihispania na mama Mfilipino, wakati visiwa vile vikiwa bado koloni. Alihamia Barcelona akiwa mtoto mdogo wa miaka kama mitatu. Joan Gamper, mwanzilishi wa klabu, alimwona akicheza katika timu ya vijana iitwayo Galeno akamchukua. Tarehe 25 Februari 1912, kwenye uwanja mdogo wa Carrer Indústria, alipangwa dhidi ya klabu ya Català akiwa na miaka 15 na miezi minne. Barcelona ilishinda 9-0, na mabao matatu ya kwanza yalikuwa ya huyo mtoto. Ile haikuwa ya kirafiki, ilikuwa mechi ya ubingwa wa Katalunya.

Uridhaa wa enzi hizo, yaani kucheza bila kulipwa, una hadithi zake tamu, na ni rahisi kuzinywa zote bila kutafuna. Mwaka 1916 wazazi walirudi Ufilipino na kijana akaenda nao, akaanza kusomea udaktari huko huku akiichezea klabu ya Bohemian. Mwaka 1917 alikuwa Tokyo na timu ya Ufilipino iliyoifunga Japani 15-2. Inasimuliwa kwamba aliugua malaria akagoma kumeza dawa mpaka wazazi walipokubali kumrudisha Barcelona. Alirejea mwaka 1918. Kocha Jack Greenwell akajaribu kumchezesha beki, na wanachama wakaja juu hadi akarudishwa mbele. (Wanachama wa kumpangia kocha kikosi hawakuanza jana.) Halafu lipo bao la mwaka 1919 dhidi ya Real Sociedad. Alipiga shuti, askari polisi akawa amekatiza mbele ya goli, na mpira ukaingia wavuni pamoja na askari wake. Mwaka 1922 mjini Bordeaux, Hispania ikiifunga Ufaransa 4-0, shuti lake jingine lilitoboa nyavu, na tangu siku hiyo akaitwa mpasua nyavu.

Inayonivutia zaidi ni ile ya mwaka 1920. Hispania ilikuwa inapeleka timu yake ya kwanza ya taifa kwenye Olimpiki ya Antwerp, ikarudi na medali ya fedha. Alcántara aliitwa, akakataa, kwa sababu alikuwa na mitihani ya mwisho ya udaktari. Aliingia timu ya taifa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25, akaifunga Ubelgiji mabao yote mawili.

Wapenzi wa zama zile huitaja mitihani hiyo kama ushahidi wa usafi: mtu alicheza kwa mapenzi tu, akili yake ikiwa kwenye kazi ya heshima. Upande wa pili huuliza swali la mfukoni. Nani aliweza kucheza miaka 15 bila mshahara? Mtoto wa afisa, mwanafunzi wa udaktari. Mtoto wa kibarua wa kiwandani alihitaji kitu mkononi, na klabu zilimpa kwa mlango wa nyuma. Josep Samitier, aliyejiunga na Barcelona mwaka 1919, anasimuliwa kwamba alipewa suti yenye kizibao na saa inayong'aa gizani. Hispania iliruhusu soka la kulipwa mwaka 1926, na Alcántara akaaga tarehe 3 Julai 1927 akaenda kutibu watu. Simlaumu hata kidogo, ila kumsifu yeye kwa kutodai mshahara bila kumtaja aliyeuhitaji ni nusu ya hesabu.

Sasa sehemu ambayo mitandao humaliza kwa mstari mmoja, au huiruka kabisa.

Alcántara alikuwa kwenye bodi ya klabu kati ya 1931 na 1934. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Julai 1936, aliikimbia Barcelona mwezi Agosti kupitia Andorra. Mwezi huohuo rais wa klabu, Josep Sunyol, aliangukia mikononi mwa wanajeshi wa Jenerali Franco, mmoja wa viongozi wa uasi dhidi ya serikali, akapigwa risasi. Wanaomtetea Alcántara hukumbusha hali ya mji: wanamgambo walikuwa wakiwaua mapadri na watu waliodhaniwa kuwa wa mrengo wa kulia, na yeye, mtoto wa mwanajeshi, alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Hilo ni kweli, na kukimbia kwake sihoji.

Lakini hakuishia kukimbia. Alikuwa mfuasi wa Falange, chama cha kifashisti cha Hispania, na alitumikia kama luteni katika Mishale Myeusi, kikosi cha Waitaliano na Wahispania chini ya bendera ya Franco. Waitaliano hao ndio ambao ndege zao ziliilipua Barcelona mwezi Machi 1938, mji uliojaa watu waliokuwa wakilipa kiingilio kumwona akicheza. Hofu inaeleza mtu kuvuka mpaka. Haielezi zaidi ya miaka miwili ya vita na kurudi na jeshi la washindi. Wapo wanaosema mambo hayo hayahusiani na mpira, tuhesabu mabao tuende zetu. Ningekubali kama klabu aliyoifungia mabao hayo ingebaki nje ya vita.

Barcelona ilianguka Januari 1939. Mwaka 1941 utawala mpya uliilazimisha klabu kuchukua jina la Kihispania, Club de Fútbol Barcelona, na mistari minne myekundu ya Katalunya kwenye nembo ikapunguzwa ikabaki miwili, kwenye jezi ileile aliyoivaa mara 399. Mwaka 1951 Alcántara aliteuliwa kuiongoza timu ya taifa ya Hispania, akaisimamia mechi tatu. Mistari ilikuwa imesharudishwa. Jina la awali lilikuwa bado.