Nyota ya Kaskazini haionekani Tanga

Zoezi la wiki ya pili la kozi yangu ya mtandaoni lilisema hivi: toka nje usiku, itafute Nyota ya Kaskazini, pima iko nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho, kisha andika jibu. Hiyo ndiyo latitudo yako. Nikatoka. Mimi niko Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwangu iko chini ya upeo mwaka mzima, hata nikipanda juu ya mnazi. Nikaandika "hasi 5". Mtambo ukanikosesha.

Tangu siku hiyo nabishana na kozi hii ya utangulizi wa astronomia, na bado sijaiacha.

Si kozi mbaya. Ni ya bure, mhadhiri wake anajua kueleza, na hesabu zake ni za kidato cha pili tu. Video zinalamba bando, hilo tumezoea. Kinachonikera ni kwamba anga linalofundishwa ni la watu wa nyuzi 40 kaskazini, ila linafundishwa kana kwamba ndilo la dunia nzima. Chukua mwezi. Somo linasema mwezi unaokua huangaza upande wa kulia, na picha inauonyesha umesimama wima. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuutafuta mwezi mwandamo anajua kwamba huku mara nyingi unalala chali, kama dau. Sababu ni nyepesi: karibu na ikweta jua na mwezi huzama karibu wima, kwa hiyo upande unaomulikwa huwa chini, kule jua lilikozamia. Hayo nilijieleza mwenyewe, kwa kutumia jiometri ya mhadhiri yuleyule.

Na kiti tulichokalia sisi ni kizuri kuliko chake. Fungua Stellarium, programu ya bure ya ramani ya anga, badilisha mahali uweke Tanga, halafu usogeze tarehe mpaka Mei, saa 3 usiku. Msalaba wa Kusini umesimama, na kando yake inang'aa Alfa Kentauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na Jua, ambao nuru yake husafiri miaka 4.4 hivi kutufikia. Mtu wa New York hawezi kuiona kutoka kwao. Sisi tunaiona tukiwa tumeketi barazani, tena bila darubini.

Lakini kilichonifunga kwenye kozi hii ni Kilimia. Kwenye somo la makundi ya nyota kilipita kwa jina la Pleiades, dakika mbili, tukaendelea. Mimi nikasimamisha video. Kuna msemo nimeusikia tangu utotoni: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Niliudhani fumbo. Kumbe ni kalenda. Kila siku nyota huchomoza kama dakika 4 mapema kuliko jana, kwa sababu Dunia inazunguka Jua; kwa mwezi mmoja hiyo ni saa mbili nzima. Kwa hiyo Kilimia kinachoonekana juu sana jioni ya Januari, kufikia mwishoni mwa Aprili kinazama magharibi mara tu giza linapoingia. Mei hakipo, Jua limekiziba. Juni kinarudi, mashariki, kabla ya alfajiri. Sasa weka masika juu ya hesabu hiyo: kimezama mvua zikinyesha, kinazuka jua likiwaka. Na mvua zikichelewa, kikazama kukiwa kukavu, mkulima angali na tumaini la Juni. Jina lenyewe ni la kulima! Waliotunga msemo huo walitazama anga miaka na miaka, wakaandika ripoti yao kwa maneno kumi na matatu.

Darasani hatukufundishwa hayo. Tulikariri sayari: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Ukubwani ndipo nikagundua orodha imevurugika. Kwa Kiarabu, tulikoyatoa majina haya, Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu kabisa na Jua, sisi tukampa Pluto. Zohali ndiyo yenye pete. Sarateni ni kaa na Kausi ni upinde, nazo ni buruji, yaani makundi ya nyota, si sayari. Mwaka 2006 Pluto ilipoondolewa kwenye orodha ya sayari, nadhani ulikuwa wakati mzuri wa kuipanga orodha yetu upya.

Neno letu moja lakini limo kwenye kozi hiyo. Kwenye somo la mashimo meusi mhadhiri alitaja setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei: Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Alilitamka vibaya. Nilimsamehe palepale.

Jaribio la spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, nimepata 4 kwa 10, nitalirudia umeme ukitulia. Nawe ukijiandikisha, weka mji wako kwenye Stellarium kabla ya kufungua video ya kwanza. Juni hii nitakuwa ufukweni Raskazone saa 11 alfajiri, nikitazama mashariki.