Vikundi Visivyo Daftarini: Tuvihesabu au Tuviache?

Mtafiti anayetaka kujua ukubwa wa kazi ya kujitolea katika jamii mara nyingi huanzia kwenye daftari la msajili, na hapo hapo hupotea njia. Majirani wanaopokezana zamu za kumuuguza mgonjwa, au wanaochangishana ili mwenzao akifiwa asiaibike, hawana katiba, muhuri wala akaunti ya benki. Sheria yenyewe wakati mwingine huwaacha nje: nchini England na Wales, shirika la hisani ambalo mapato yake ya mwaka hayafiki pauni 5,000 kwa kawaida halilazimiki kujisajili. Mwaka 1997 mwanasosholojia wa Marekani, David Horton Smith, alivifananisha vikundi vidogo vya namna hii na ile maada ya angani isiyoonekana, akasema kuwa ramani za sekta ya mashirika yasiyo ya faida zinazoviruka vikundi hivyo ni sawa na ramani za watu waaminio kuwa dunia ni bapa.

Wanaotaka vihesabiwe wana hoja nzito, kwani jambo lisilo na takwimu haliingii katika bajeti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu kujitolea ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa kazi hiyo duniani ni sawa na ya wafanyakazi milioni 109 wa muda wote, na kwamba takriban asilimia 70 yake hufanyika baina ya mtu na mtu, bila shirika lolote katikati. Anayesoma madaftari peke yake, basi, anaiona sehemu ndogo na kudhani ameona yote.

Upande wa pili nao hauna hoja za kupuuzwa. Swali la mtafiti hukibadilisha kikundi: ukiuliza mwenyekiti ni nani, watu ambao hawakuwahi kuwa na mwenyekiti watamteua mmoja papo hapo ili mgeni asiondoke mikono mitupu. Baada ya mwenyekiti huja fomu, baada ya fomu huja mfadhili na masharti yake, na jambo lililokuwa likimalizwa kwa kupigiana hodi linaanza kuhitaji kumbukumbu za kikao. Aidha, orodha ya vikundi haichagui msomaji. Ile iliyoandaliwa kwa nia ya kusaidia yaweza kesho kuwa mikononi mwa anayetaka kudhibiti, na wa kwanza kuumia ni wale wanaokusanyika kimya kwa sababu hawana pa kukimbilia.

Kwa maoni yangu, mvutano huu unatokana kwa sehemu kubwa na kuhesabu kitu kisicho sahihi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unapendekeza aulizwe mtu, si kikundi: katika wiki nne zilizopita, alitumia saa ngapi kufanya kazi bila malipo na bila kulazimishwa kwa ajili ya watu wasio wa kaya yake? Neno lenyewe "kujitolea" linaepukwa katika maswali, na ni busara, kwa kuwa anayempelekea jirani chakula hajioni kuwa amejitolea. Amefanya tu linalompasa. Kwa njia hii ukubwa wa kazi unajulikana na hakuna kikundi kinacholazimika kujitokeza.

Hata hivyo saa hazielezi kwa nini kikundi kimoja hudumu miaka mingi na kingine hufa mara tu mafuriko yaliyokizaa yanapokauka. Hapo hakuna njia ya mkato: mtafiti atembee, asome matangazo yaliyobandikwa ukutani, akae vikaoni, asaidie kupanga viti, tena kwa miezi, muda ambao wafadhili wa utafiti hawapendi kuugharamia. Majina na mahali yafichwe, na matokeo wayasome kwanza wanakikundi kabla ya mfadhili. Wakikataa kabisa kuandikwa, kukataa huko nako ni tokeo la utafiti, nalo laweza kuripotiwa bila kuwataja.